Tuliposafisha Kijito cha Chuo

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kendu Bay tu wazima, na babu yako amepona kikohozi.

Unauliza mtaongozaje klabu ya mazingira chuoni, wewe na Otieno, maana kura zenu zimelingana. Kura zangu na za mwenzangu Rose zililingana pia, tukisomea ualimu Migori. Rose akasema, "Tuongoze sote wawili."

Kijito cha chuo kilikuwa kimejaa takataka, na mkuu alitaka kukifukia. Rose akawaomba wapishi watusaidie, mimi nikawaita wenzetu wa mabwenini, tukazoa uchafu mpaka maji yakatiririka.

Mkuu akatuita uwanjani. "Aliyeongoza kazi hii asimame."

Tukasimama chuo kizima, wapishi wakiwa mbele.

Mkuu akatabasamu. "Basi kijito ni chenu."

Dani yako, bibi anayekupenda,
Auma