Sufuria Zako Zimevuka Mokambo

Mama,

Tumefika. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza tumekula nini njiani. Baba na mimi tuko Élisabethville salama, na sufuria zako zote ziko hapa. Mengine nitakueleza polepole. Nimekaa mbele ya nyumba yangu mpya, mtaa wa Ruashi, upepo ni mzuri, na hakuna anayeniharakisha.

Ulipotuacha kule Mufulira, mvua zilikuwa bado hazijakatika. Mkataba wa Baba mgodini ulikuwa karibu kuisha, nawe ulikuwa umeshaanza kufunga mizigo ya kurudi kwetu. Hata homa ilipokulaza uliendelea kutuamuru kutoka kitandani: hii muiweke chini, ile muifunge na gunia. Tulipokwisha kukuzika, Baba hakufunga chochote tena. Akitoka kazini alikaa kwenye kiti chako mlangoni, akatazama barabara. Nikimsemesha alijibu, "Aksanti, mama," hata kama sikumpa kitu. Nikafikiri hatutaondoka kamwe.

Lakini Selestini alikuwa ananingoja huku. Siku aliyokuja na wajomba zake kuposa, ulimwambia kwamba fundi anayejengea watu nyumba lazima aonyeshe yake kwanza. Basi amejenga, Mama. Matofali ya kuchoma, madirisha yanatazama barabara. Padri alikuwa ameshatangaza ndoa kanisani. Na wewe ulikuwa umeapa mbele ya majirani kwamba chakula cha arusi yangu kitapikwa katika sufuria zako mwenyewe, si za kuazima. Kwa hiyo nikafunga mizigo mimi.

Tulipanda lori la Mgriki mmoja anayebeba watu na mizigo. Vitanda, baiskeli ya Baba, sanduku la nguo, majembe, na sufuria zako, moja ndani ya nyingine, kubwa inameza ndogo, kama ulivyoniachia.

Pale Mokambo, mpakani, lori likasimama kwenye duane, wanapopekua mizigo na kutoza ushuru. Kila kitu kikashushwa chini. Mzungu wa duane alikuwa mtu mnene mwenye masharubu mekundu. Kando yake alisimama karani mmoja Mwafrika mwenzetu, kijana wa Kasai, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Karani akatueleza sheria vizuri, bila dharau. Mtu anayerudi kwao na vyombo vya nyumba yake, vilivyotumika, anapita bure. Vyombo vipya ni bidhaa, vinalipiwa ushuru kama vya dukani. Baiskeli ikapita, imeota kutu. Vitanda vikapita. Godoro letu mzungu hakutaka hata kulikaribia. Halafu nikafungua gunia.

Mama, ilikuwa saa sita, jua liko kichwani. Sufuria zako ziliwaka mpaka karani akaziba macho kwa mkono.

"Baba," akasema, "hii haiko vyombo ya nyumba. Hii iko duka muzima."

"Zile sufuria ziko na myaka sawa na mutoto wangu huyu," Baba akamjibu.

Karani akazipindua moja moja. Akatafuta masizi chini, hamna. Akapitisha kidole ndani, kikatoka safi. Mzungu akaja kuangalia naye, akatikisa kichwa, akasema maneno yake, na karani akatugeuzia: "Mulipe, ao muziache hapa."

Unaona ulivyotutenda? Maisha yako yote ulifukuzana na masizi. Jirani akirudisha sufuria ina weusi kidogo tu kwenye ukingo, ulimpa majivu aanze upya. "Mimi sirudi kwetu na sufuria nyeusi," ulikuwa unasema, wiki ile ya mwisho bado unasema. Na sasa usafi wako ndio umetutia katika ushuru. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Baba akanigeukia kwa hasira. Kisha nikaona midomo yake inatetemeka, naye akaanza kucheka, cheko lake lile la zamani la tumboni, ambalo sikuwa nimelisikia tangu tukuzike. Tulicheka mpaka tukashikana. Mzungu akamwuliza karani kama sisi ni wazima.

Lakini cha kulipa hatukuwa nacho. Baba akafuta macho, akaniambia chini chini, "Tuziache, mama. Tutaazima kwa watu."

Hapo nikasikia joto la aibu. Nisiposema, nikaona, nitaolewa kwa sufuria za wengine na wewe umelala huko unanisikia. Nikamwendea karani.

"Ndugu, umwambie Bwana, mama yangu alikuwa anasugua hizi sufuria na majivu na muchanga, kila siku. Haiko upya, iko mikono yake. Kama hasadiki, aniletee chombo cheusi, nimuonyeshe."

Karani akanitazama, akatabasamu kidogo, akatafsiri. Mzungu akaingia ofisini, nikafikiri nimemkasirisha na sasa tutafukuzwa. Akatoka na birika lake la kahawa. Mama, lile birika ungeliona ungelia. Masizi yameganda nje kama gome la mti, na bomba lake halikujua maji tangu lizaliwe. Akaliweka chini mbele yangu.

"Fanya hii," akasema kwa Kiswahili chake.

Nikavua viatu, nikapiga magoti. Mama mmoja aliyekuwa anangoja gari na vikapu vyake vya samaki wakavu akaniletea majivu ya moto wake. Mwingine akachota mchanga kando ya njia, mwingine akanipa maji na kipande cha gunia. Nikafanya ulivyonifundisha: majivu laini kwanza, mchanga baadaye, mkono uende kwa kuzunguka, usikwaruze. Mama wa samaki akaanzisha wimbo wa kutwanga, wengine wakaitikia, nami nikasugua kwa mwendo wao. Abiria wote wakatuzunguka. Kwanza likatokea doa jeupe ubavuni mwa birika, dogo kama ukucha. Likapanuka. Kila lilivyopanuka mzungu alisogea, mpaka akawa amechuchumaa kabisa mbele yangu, magoti yake yanalia.

Nikalisuuza, nikampa. Akaligeuza juani, akayaona masharubu yake mwenyewe, akayanyoosha kwa kidole. Wanawake wakapiga vigelegele. Karani akasahau kazi, akapiga makofi.

"Passez," akasema mzungu. "Pita. Yote."

Baba alikuwa anafunga kamba karani alipouliza swali ambalo nadhani wanauliza kila mtu: "Baba, hakuna kitu ingine mulibakisha kule, kitakuja nyuma?"

Baba akashika ile kamba, hakuivuta.

"Tulibakisha mwenye sufuria," akasema.

Karani alipotafsiri, mzungu akavua kofia, na bado aliishika mkononi lori lilipoondoka.

Hapo ndipo nilipolia, Mama, juu ya lile lori. Baba akaniwekea mkono begani, akaanza kunihadithia jambo ambalo hakuwahi kunihadithia: jinsi alivyokuona mara ya kwanza kule kwenu Kongolo, unatoka mtoni na mtungi kichwani, na wewe ukamwambia asimame mbali, vumbi la miguu yake litaingia katika maji. Akasema alisimama mbali, lakini siku hiyo tu. Alihadithia mpaka tukaliona bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba cha Lubumbashi, hapa Élisabethville. Akaliangalia, akasema, "Tumerudi."

Arusi ilikuwa nzuri. Watu wetu wa kaskazini walikuja wengi, na majirani Wakasai wakaleta ngoma zao. Mama Mudogo Anna, mdogo wako, ndiye aliyeongoza jiko. Mbuzi, sombe la majani ya muhogo, samaki, ugali wa bukari kama mlima. Sufuria zako zilijaa zote. Nilimwona anaonja mchuzi, anakukumbuka wewe dada yake, anasema peke yake, "Yaya yangu angeongeza chumvi," akaongeza chumvi. Baba alicheza na kila mwanamke aliyekuwa na miguu. Selestini alitaka kutoa hotuba, akasahau maneno, akakaa, watu wakampigia makofi kuliko wote.

Asubuhi yake nilimkuta Baba uani amekunja mikono ya shati, anasugua sufuria kubwa. Amechelewa kujifunza. Aliacha weusi mwembamba pande zote. Alipoingia ndani kunywa chai, nikaumalizia.

Ni hayo, Mama. Nimeyaandika ili uyapate kwangu mimi. Siku ya Marehemu Wote tutakuja Mufulira, sisi watatu, tukae nawe mchana kutwa. Nitafyeka majani, Selestini atakujengea msalaba wa saruji, na Baba amesema ana maneno yake na wewe, sisi tusogee kando kidogo. Mpaka siku hiyo nakuahidi: hatakula peke yake hata jioni moja. Chumba chake kiko karibu na jiko, kama alivyotaka.

Lala vizuri. Namsikia anakuja njiani, anapiga soga na jirani, na maji ya bukari yamechemka.

Mwanao,
Veronika