Jina Lako Chini ya Ukurasa

Umoja,
Jumapili alasiri.

Kwa kaka yangu Mureithi,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi tu wazima, ila mgongo wa Mama bado unamsumbua. Natumaini baridi ya Ol Kalou haijakuzidi, na kwamba nyanya yetu Shosho anaendelea vyema. Kila nikikupigia simu haipatikani, kwa hiyo barua hii nitampa mjomba akukabidhi mkononi.

Willis alikuja Jumanne. Alileta godoro na vitabu vyako kutoka hosteli, akavipandisha peke yake hadi orofa ya nne. Mama alifungua mlango nusu, akamwambia aviache hapo hapo nje, kwamba Yuda hana kiti kwake, arudi kwa mabwana zake wampikie chai. Willis aliitikia tu sawa, Mama, akauliza kama unakula vizuri huko. Mlango ukafungwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote.

Ulipofukuzwa chuoni kwa mwaka mzima, ulimwambia Mama kwamba maneno yako kuhusu somo la ulinzi wa taifa aliyajua Willis peke yake, kwa kuwa mlilala chumba kimoja. Ulisahau kwamba likizo ya Aprili uliyasema jikoni, nikichambua maharagwe. Ulisema mnafundishwa kupiga saluti, hamfundishwi kufikiri. Ulisema uongo ukisambazwa kwenye simu hadi majirani washikiane mapanga, gwaride halitatuokoa, na juu ya hilo hamjasikia mhadhara hata mmoja. Tena mhadhiri wenu hakuonekana darasani majuma matano, lakini alama alizigawa. Nilikuuliza maswali mengi mpaka ukacheka, ukaniita profesa.

Muhula uliopita shule yetu iliingia shindano la insha. Mada ilikuwa jinsi ya kuboresha elimu ya ulinzi wa taifa katika vyuo vikuu. Wenzangu waliandika juu ya bendera na mashujaa. Mimi niliandika maneno yako, kwa sababu yalikuwa kweli, na nilitaka wakubwa wayasome walirekebishe somo. Mwalimu wetu, Bi. Benta, hutuambia kila mara kwamba anayetumia wazo la mwenzake bila kumtaja ni mwizi. Sikutaka kukuibia. Chini ya ukurasa wa tatu niliandika jina lako lote, chuo chako na mwaka wako wa masomo, kwa mwandiko wangu bora.

Nilishika nafasi ya pili. Wasahihishaji walitoka chuoni kwenu. Majuma mawili baadaye uliitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Ni mimi, Kaka. Si Willis.

Alhamisi nilimfuata kwao Donholm nikamwambia. Aliniomba nisikuambie. Alisema rafiki utapata mwingine, lakini dada unaye mmoja, na yeye ameshazoea kuitwa Yuda. Aibu nyingine ni hii: kwa siku mbili nilikubali.

Mama bado hajui. Nikishaifunga bahasha hii nitakwenda kumwambia.

Msalimie Shosho, mwambie namwombea. Usiponijibu nitaelewa. Tafadhali mjibu Willis.

Dada yako,
Waruguru