Zamu ya Fadhila Bombani

Jumamosi, 7 Septemba
Maji hayajatoka tena. Nimeosha vyombo kwa maji ya juzi, yaliyobaki nimemwagia mchicha. Saa tatu nimempeleka Fadhila kikundini. Leo wamefika watoto saba. Chumba ni cha kanisa, wametuazima. Mwalimu Neema amewapanga mstari, kila mmoja na kikombe chake, mbele kaweka ndoo. Wanafundishwa kusubiri zamu. Anasema mtoto wa Newala akiweza kusimama foleni ya maji, ataweza kukaa na watu popote.
Fadhila hakusubiri. Alikwenda moja kwa moja akatumbukiza mkono. Mara tano hivyohivyo. Ya sita alisimama. Pumzi mbili tu, halafu akaenda.
Nimeziona hizo pumzi mbili. Naandika nisisahau.

Jumanne, 10 Septemba
Kaka kapiga simu kutoka Chiwata. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na tano, na huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba Fadhila mwenyewe akiulizwa jambo anasema msikilizeni mjomba wake.
Kaka anasema mwakani Fadhila asiandikishwe darasa la kwanza. Aende Chiwata akakae na mama, kwenye mikorosho, hakuna wa kumcheka. Miaka sita, kasema, hajanipa shikamoo hata moja. Shule gani itamtaka?
Hana ubaya Kaka. Ananihurumia. Huruma hiyo ndiyo inayoniuma.
Atakuja mwenyewe akishauza korosho, tulimalize. Kauliza Jumamosi huwa tunakwenda wapi. Nimesema tuisheni. Uongo. Naogopa akisikia ni kikundi cha watoto wenye usonji atasema basi, mmeshajua wenyewe hawezi shule. Neno hilo usonji tumepewa na daktari kule Masasi, mwaka jana. Kabla ya hapo watu walikuwa na maneno yao. Siyaandiki.

Jumamosi, 28 Septemba
Anasubiri sasa. Mpaka wa mbele yake amalize. Mwalimu Neema amemfundisha ahesabu vikombe, asihesabu watu. Watu wanasogea, wanacheka, wanamchanganya. Kikombe kinakaa pale pale.
Shikamoo bado. Mwalimu kasema tusimlazimishe kumtazama mtu machoni, atoe salamu huku anatazama anapotaka. Sisi nyumbani tulikuwa tunamshika kidevu. Mimi. Miaka yote nimemshika kidevu mwanangu. Nimejisikia vibaya mpaka tumefika nyumbani.

Jumatano, 9 Oktoba
Siku mbaya. Maji yametoka baada ya siku nane na mie nikajiona hodari, nikamchukua Fadhila na dumu lake la njano twende wote. Bombani watu wamejaa kama mnadani. Ndoo za bati zinagongana, watu wanapiga kelele. Fadhila kaziba masikio. Kisha kapiga teke. Ndoo ya Mama Zawadi, jirani yangu, imejaa mpaka juu. Yote chini.
Maji, mwezi huu. Wote waliitazama ardhi inavyokunywa.
"Mfungie ndani huyo, Mama Fadhila," akasema Mama Zawadi. "Tutakuja kugombana bure."
Nimempa maji ya ndoo yangu. Nimerudi na dumu tupu. Nimelia jikoni. Fadhila kaja, hakunitazama, kaniwekea kifuniko cha dumu mapajani. Hicho kifuniko ndicho anachokipenda kuliko vitu vyote. Halali bila hicho.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimemwambia Mwalimu Neema naacha. Kaka ana haki, nimesema. Hakubishana. Kauliza tu maji yanatoka siku gani. Nikamwambia nani anajua. Akasema vizuri, basi leo hayatoki. Kawatoa watoto wote saba na madumu matupu, tukaenda nao bombani. Pakavu, kimya, hakuna mtu. Wakapanga foleni. Kila mmoja akifika kwenye koki anaweka dumu, anahesabu mpaka kumi, anaondoka.
Mama Zawadi alikuwa anapita. Kauliza leo mnateka upepo? Watu wawili wakacheka. Fadhila hakugeuka. Alikuwa anahesabu.

Jumamosi, 2 Novemba
Bado tunateka upepo. Jumamosi ya nne. Jina limeshatushika, mtaa mzima unatuita hivyo. Leo Mama Zawadi kaja na ndoo yake tupu, ile ile, kaiweka mwisho wa foleni, kasimama nyuma yake. Watoto walihesabu na ya kwake.
Sijui nimshukuru vipi. Nimempelekea muhogo.

Jumamosi, 16 Novemba
Sasa wanajifunza kusalimia. Anayefika anawasalimia aliowakuta, ndipo anaweka dumu. Fadhila kafika, kalitazama dumu la mbele yake, kaliambia shikamoo. Mwalimu Neema kajibu marahaba kwa niaba ya dumu. Nimecheka mpaka machozi.
Lakini neno limetoka. Sauti yake ni nzito kidogo. Sikuwa najua.

Ijumaa, 6 Desemba
Kaka kafika na baiskeli yake, kaja nayo juu ya gari kutoka Masasi. Korosho zimeuzwa. Fadhila alijificha nyuma ya mlango, shikamoo hakuna. Kaka kanitazama tu.
Nimemweleza yote. Kwamba si tuisheni. Kwamba ni usonji, na kuna kikundi, na chumba ni cha kanisa. Kasema, mdogo wangu, mimi ndiye wa kunificha? Kisha kasema kesho jioni atatoa neno lake, Jumapili anaondoka. Na akiondoka na Fadhila, nisilie mbele ya mtoto.


Jumamosi, 7 Desemba
Maji yametoka asubuhi. Kikundi hakuna, kila mtu bombani. Nimekwenda na Fadhila na dumu lake. Amepanga foleni. Kifuniko kakishika mkononi.
Lilipobaki dumu moja tu mbele ya la kwake, Kaka kaja na baiskeli na dumu moja kubwa. Alitaka kunisaidia. Wanawake wakampisha, pita tu baba, wewe mgeni wetu. Ndivyo tunavyofanya kwetu, mgeni na mtu mzima hawapangi mstari. Kaka kashukuru, kapita mpaka mbele, kainama aweke dumu lake chini ya koki.
Fadhila kaweka kiganja juu ya mdomo wa lile dumu. Hakumtazama. Alikuwa anatazama koki.
"Shikamoo, Mjomba. Madumu kumi na matatu, halafu lako."
Maji tu yanamwagika. Nilitaka kukimbia nimshike kidevu, sikwenda. Nikasema moyoni basi, yamekwisha. Mjomba mtu kurudishwa nyuma na mtoto mbele ya wanawake. Kesho Chiwata.
"Marahaba," akasema Kaka. Taratibu, kama anaonja chumvi.
Kabeba dumu lake mpaka mwisho wa foleni. Kasimama juani. Mama Zawadi kaziba mdomo na kanga. Fadhila kateka la kwake, kafunga kifuniko, lakini hakuondoka. Kila dumu likijaa anasema yaliyobaki. Kumi. Tisa. Nane. Anamhesabia mjomba wake. Mpaka akasema, lako.
Njiani Kaka kasukuma baiskeli. Kufika nyumbani, kabla hata ya kuegesha, kauliza nimemwandikisha shule? Nikasema bado, nakungoja wewe.
"Sasa unangoja nini? Mtoto anajua kuliko sisi nani katangulia." Kisha kasema, "Na Jumamosi aende huko kwenye tuisheni."
Kasema tuisheni huku anacheka.
Najivuna. Naandika tena. Najivuna.

Jumanne, 10 Desemba
Nimemwandikisha. Wameniuliza ana shida gani. Nimewaeleza bila kuona haya. Wakaandika.

Jumatatu, 13 Januari
Sketi mpya ya shule imemkwaruza kiunoni, nimeigeuza mshono uwe nje. Kifuniko kipo mfukoni, mwalimu wake nimemwambia asimnyang'anye. Mlangoni watoto walikuwa wamepanga mstari. Fadhila kamsalimia wa mbele yake shikamoo, mtoto mwenzake yule, na yule kaitikia marahaba bila kushangaa. Kisha kasimama. Hakugeuka kunitafuta.
Nimerudi peke yangu. Nyumba kimya. Maji yalikuwa yanatoka, nikachukua dumu la njano, nikaenda. Nikawasalimia niliowakuta, nikaliweka mwisho. Mama Zawadi akaniambia nipite mbele, leo siku yangu. Nikasema hapana.
Madumu tisa. Nimeyahesabu mpaka la Fadhila.