Kunwar au Kunwara

Qila, Bareilly
9 Desemba 1976

Mpendwa Kaka Ishrat,

Salamu tele kutoka kwetu. Kifua chako kimepoa? Wifi Qamar naye, magoti yamemwachia? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Kaka, nasikia umeshatangaza Karachi nzima kwamba mpwa wako Naheed anaolewa na mwana wa mfalme. Naomba unyamaze kwanza.

Bi Sughra mshenga alipoleta posa, alisema bwana anayeposa ni kunwar. Sisi tukasikia kunwara, yaani mseja, kwa kuwa ndicho tulichotaka kusikia. Baadaye nikapata wasiwasi, nikamwuliza jirani yetu Pandit Kailash, aliyefundisha Kisanskriti maisha yake yote. Kumbe maneno haya ni ndugu, mzazi wao ni kumara la Kisanskriti, mvulana. Lilipofika kwenye Kiurdu chetu lilikuwa limeshagawanyika: kunwar cheo cha mtoto wa raja, yaani mfalme, na kunwara la asiyeoa.

“Lakini dada yangu,” akacheka, “mtoto wa raja hubaki kunwar hata akiwa na wajukuu!”

Tangu siku hiyo sina usingizi. Mtu wa makamo, mwenye mashamba ya miwa, hajaoa anangoja nini? Na vifungo vya koti lake vyote vimeshonwa imara, kama kwa mkono wa mke. Nikimbana Bi Sughra, anaapa: “Kunwar kabisa, bibi wee, nife leo!” Kiapo hicho ni cha kweli, na hapo ndipo ninapomwogopa.

Alhamisi iliyopita bwana alikuja kunywa chai. Nikimwuliza habari za nyumbani kwake, anasifu farasi. Mara Naheed, aliyekuwa nyuma ya pazia, akauliza kwa sauti ya asali:

“Samahani, na mke wa kunwar huitwaje?”

“Kunwarani,” akajibu, huku anachovya biskuti. “Ila mwenyewe, huko mashambani, hapendi kuitwa hivyo.”

Bi Sughra akapaliwa. Biskuti ikakatikia kikombeni.

Posa nimeirudisha. Kaka, baba yake Naheed hayupo, wewe ndiye mwenye kauli. Watu wa kunwar wakikuandikia, na watakuandikia kwa maneno matamu, usikubali. Nakuomba kama mama yake, si kama mdogo wako.

Naheed alicheka hadi akatoka machozi, kisha kicheko kikaisha machozi yakabaki. Tangu hapo ameniuliza jambo moja tu: huyo mkewe aliyeko huko mashambani, anajua?

Wasalimie Wifi Qamar na mwanao Farhat. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Nduguyo asiyechoka kukupenda,
Rafat