Mbao Zilizotoka Chemchemini

Musienene, Jumapili baada ya misa

Mama,

Jana nilipima tena chemchemi. Wewe ndiwe uliyenifundisha: weka bidoni, dumu letu la maji, chini ya bomba, kisha usali bila haraka. Wakati wako ilijaa kwa Salamu Maria saba. Mwezi mmoja baada ya kukuzika niliandika katika kaye yangu, lile daftari la shule: kumi na moja. Jana: ishirini na sita. Sikuharakisha hata moja.

Nina hasira, Mama.

Unamkumbuka yule kamanda wa waasi aliyehamia shuleni na askari wake. Siku uliyofariki alituletea mbao za sanduku lako, bure. Baba mdogo alimpigia makofi: "Aksanti, komanda! Uko mutu ya Mungu!" Kumbe zilitoka kwenye miti inayofunika chemchemi, ile uliyotukataza hata kuokota kuni chini yake. Ulizoea kusema: "Mama ya maji ni kivuli. Mukimuua, mutanyonya wapi?"

Nasi tukakuzika ndani ya mbao za miti hiyo, tukiimba.

Wiki iliyofuata wapasua mbao wake walirudi. Lori likajaa, likateremka kuelekea mpakani, likarudi tupu. Tulipolalamika, akacheka: "Mais, mama yenu analala mu mbao ile. Mulikamata ya kwanza, sasa munakataa ya pili?" Baba mdogo akatazama viatu vyake. Na mimi, mimi uliyenisomesha hadi diplome, niligeuka nikarudi nyumbani. Alitufunga midomo kwa sanduku lako!

Imebaki miti miwili.

Leo, nje ya kanisa, nimewasomea wamama wa kilima chetu kaye yangu: saba, kumi na moja, ishirini na sita. Jirani yako Mama Masika akaguna: "Donc mwaka kesho ni rozari muzima kwa bidoni moja?" Wakacheka. Kisha tukapatana. Kuanzia kesho tutachambulia maharagwe yetu chini ya miti hiyo, kwa zamu, kutwa. Wakitaka kukata, wakate juu ya vichwa vyetu.

Nimechomeka vijiti vya mutoma, mti wa kivuli, kando ya maji, na kimoja juu ya kaburi lako, udongo ule urudishiwe mti wake. Wadogo zangu nimewaambia: siku yangu ikifika, mnizike kwa mkeka.

Lala, Mama. Nitaendelea kupima. Ikirudi saba, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa.

Mtoto wako,
Kahindo