Tenti ya Mheshimiwa

Kitale, Jumapili jioni. Mvua haijakatika tangu mchana, na viatu vyangu bado vina udongo wa kwetu Naitiri. Nina hasira mno, hata chai imenishinda.

Jana tulimzika baba mdogo, ndugu yake baba. Dada yangu Nasimiyu, ambaye marehemu alimsomesha, alikatazwa kusema kwenye mazishi hayo.

Alikatazwa kwa sababu ya tenti.

Huko kwetu mtu akifa, kikundi cha akina mama ndicho huleta tenti, viti na sufuria. Tulichanga miaka mingi, nami nikituma changu kutoka huku, mpaka tukawa na tenti zetu. Zilikuwa kuukuu, zimeshonwashonwa, lakini hazikumuuliza mfiwa atampigia nani kura.

Mwaka huu akaja tajiri mmoja wa Nairobi, ambaye hana ng'ombe wala kaburi kwetu, pamoja na watu wa chama chake. Wanataka kiti cha wadi yetu kiende kwa kijana wao. Wakaleta tenti mpya, kubwa, zenye rangi za chama na uso wa huyo kijana kila upande. Akina mama wakapiga vigelegele, wakauza zile za zamani. Mkono mtupu haulambwi, walisema. Hakuna aliyeuliza tenti mpya zitawekwa wapi. Zinawekwa kwenye ofisi ya chama, na ufunguo anao mtu wa kampeni.

Nasimiyu naye anakitaka kiti hicho. Anafundisha palepale, anaishi palepale. Hana tajiri.

Asubuhi ya mazishi, mawingu yakiwa yamejaa upande wa Mlima Elgon, yule mwenye ufunguo alimvuta mama mdogo kando. Mjane ambaye hata kulala hajalala!

"Mama, pole sana. Lakini hii tenti ni ya mheshimiwa. Nasimiyu akishika maiki, sisi tunakunja. Tumetumwa tu, bana."

Ati mheshimiwa. Hajachaguliwa hata na paka.

Mama mdogo alitazama mawingu, akatazama wazee waliokwisha kuketi, akakubali. Mimi nilisaga meno.

Basi kijana akaja na magari yake, akashika maiki, akatusimulia jinsi marehemu alivyompenda. Hawakuwahi kuonana. Akaomba kura mbele ya jeneza. Tajiri mwenyewe hakufika. Alituma salamu za rambirambi, zikasomwa kabla ya za familia. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mtu ameketi Nairobi anatupangia nani amlilie mzee wetu.

Kaburini hapakuwa na tenti. Mvua ilianza jeneza likishuka, na watu wakakimbia kujikinga. Nasimiyu hakukimbia. Mama mdogo akamshika mkono.

"Sema sasa, mama. Mimi nakusikia."

Akasema bila maiki, maji yakimtiririka usoni. Alieleza jinsi baba mdogo alivyouza fahali wake ili yeye aende chuo, na jinsi alivyomsindikiza mpaka stendi akijifanya halii. Tulikuwa wachache pale. Niligeuka kuangalia tenti, tayari kumchukia kila aliyeketi chini yake.

Mama yangu mzazi alikuwa mstari wa mbele.

Nilimfuata jikoni baadaye, nikamuuliza kwa ukali ambao sijawahi kumtolea: alishindwaje kusimama na binti yake? Hakukasirika. Alisema yule mwenye ufunguo alikuwa anaangalia nani anatoka.

"Na baba yako si amelala hapo ndani, unaona vile amebaki mifupa," akasema, akiendelea kuosha vikombe. "Siku yake ikifika, tenti tutaomba wapi?"

Nimesafiri na swali hilo mpaka Kitale. Nimeandika yote haya nikitafuta jibu la kumpa nikimpigia simu.