Karoti za Mtani Manyanda

Method, naapa hii ni kweli tupu. Zile hadithi zangu za fisi aliyekata tiketi ya treni zisahau.

Unakumbuka nilimwambia mtani wangu Manyanda ale karoti na unga wa mlonge, ati vinaosha mapafu, kisha avute sigara atakavyo? KAAMINI. Mwaka mzima!

Leo hana pumzi, nimempeleka hospitali. Nesi kampulizisha kwenye kipimo cha pumzi, kamuuliza, "Mzee, si uliambiwa uache?" Akajibu kwa fahari, "Nakula karoti. Huyu mtani kavuta miaka arobaini, mzima."

Nesi kanigeukia. "Karoti ni chakula kizuri, babu, ila hazifuti moshi. Hebu puliza na wewe."

Nimepuliza hadi machozi. Mshale wa kipimo haukufika hata nusu ya ule wa Manyanda. Nusu, Method!

Manyanda hakucheka. "Mtani, kumbe ulikuwa unatania?"

Nikatafuta uongo, nikaukosa. Mimi!

Nikasema ndiyo. Nikatoa pakiti yangu mfukoni, nesi akaitupa. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, kasema nesi. Sasa tuko benchi moja tunasubiri picha ya kifua, na Manyanda kanipa mgongo.